Mlango wa Mto Sebuleni

Wewe unayetunza mzee nyumbani unajua kwamba uji na dawa havitoshi. Baba mkwe wangu alivua samaki mlangoni mwa mto Pangani kwa zaidi ya miaka 40. Alipovunjika nyonga tulimleta kwetu Morogoro, kwa kuwa kule hakukuwa na mtu wa kumwinua kitandani. Muuguzi alimwagiza atembee kila siku kwa mkongojo, naye akakataa. Chakula akawa anakigusa tu. Kila jioni alimwambia mume wangu, "Nirudishe kwetu." Mume wangu akaanza kulegea. Mimi nilijua kumrudisha ni kumlaza peke yake katika nyumba tupu.

Shemeji yangu wa Dar es Salaam alikuwa na tangi la kioo, urefu wa sentimita 60, limekaa stoo bila kazi. Nikaliomba. Nia yangu ilikuwa kufuga samaki wa maji chumvichumvi, yaani maji ya pale mto unapokutana na bahari, penye mikoko. Nililiweka juu ya meza ya mninga, maana tangi hilo likijaa hupita kilo 60, na meza za kukunja hazifai.

Chumvi ya mezani isikushawishi kwa bei yake. Haina madini mengine ya baharini ambayo samaki hawa wanayahitaji. Shemeji alininunulia chumvi ya bahari inayotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki. Maji ya bomba niliyaacha ndooni siku nzima ili klorini itoke. Chini nilitandaza mchanga uliooshwa pamoja na makombe yaliyopondwa, ambayo huzuia maji yasiwe makali kama siki. Baba alitaka mizizi ya mikoko, lakini kukata mikoko kumezuiwa na sheria, hivyo tukapanga mawe.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Sisi tulihitaji gramu 8 hivi, maana yake gramu 400 kwa lita 50. Nilianza na nusu. Baba akachovya kidole, akaonja. "Bado, mkwe wangu. Haya ni ya juu kule mtoni." Nikaongeza kidogo kidogo, huku nikipima kwa haidromita. Ilipofika 1.005 akaonja tena. "Hapo sasa umefika kwenye mikoko." Samaki walipoingia nilimkataza kuonja, akanuna siku mbili.

Lakini kabla ya samaki tulingoja wiki 5, na wageni wakatucheka kwa kutazama maji matupu. Kungoja huko ndiko kazi yenyewe. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huota polepole katika mchanga na sponji ya chujio. Kila siku nilitia chembe za chakula ili wapate cha kuanzia, na nilipima kwa dawa za matone hadi amonia na nitriti zikaisha. Katika wiki hizo baba alianza kuinuka mwenyewe, akishika mkongojo, aende sebuleni kuona kama maji yametakata. Sikumsifia. Angejua nimemwona, angerudi kulala.

Alitamani vile visamaki vya matopeni virukavyo, lakini hivyo vinahitaji nchi kavu nusu ya tangi na kifuniko cha kubana. Nikaleta moli 5, dume 1 na majike 4. Asili yao ni Meksiko na Amerika ya Kati, nao huishi maji baridi na hata ya chumvi. Kwa kuwa muuzaji aliwafuga katika maji baridi, niliwazoesha ndooni kwa saa kadhaa, nikiwaongezea kikombe kimoja kimoja cha maji ya tangi. Baba akawatazama. "Hawa si samaki. Ni mboga ya paka."

Mwezi uliofuata jike mmoja akazaa, maana moli hawatagi mayai. Wazazi huwala watoto wao, na ni baba aliyeniamsha alfajiri niongeze mawe ya kujifichia.

Bado anataka Pangani. Tumekubaliana aende Desemba kwa wiki 2, pamoja na mume wangu. Juzi aliniita niandike karatasi ya jirani atakayebaki na tangi: maji yakipungua kwa joto, aongeze maji baridi tu, kwa sababu chumvi haipai na mvuke, akibadilisha robo ya maji, atie gramu 100. Nikaandika. Akaniambia nimsomee tena, taratibu.