Ukienda Malawi

Kwa kuwa siku hizi watu wengi wa kwetu Mbeya na Kyela huvuka mto Songwe kwenda Malawi, wengine kwa biashara, wengine kwa arusi na mikutano ya kanisa, na waalimu kwa kuwatazama wenzao, nimeona yafaa kuwaandikia wasomaji maneno machache juu ya safari hiyo. Nina dada yangu aliyeolewa Mzuzu, nami njia ile nimeipita mara nyingi. Habari za mbuga za wanyama na hoteli za pwani ya ziwa wataandika wengine. Mimi nataka kusema hasa juu ya nyumba itakayokupokea, maana wengi wetu hatwendi hotelini, twenda kwa watu.

Neno la kwanza ni majira. Mvua za Malawi huanza mwezi wa Novemba na kwisha Aprili, na mahindi huvunwa Aprili na Mei. Basi katika Januari na Februari, hata Machi, ghala nyingi ni tupu, na unga huwa ghali sokoni. Mgeni akifika wakati huo, mwenyeji hatamwambia neno. Atachinja kuku, atasonga nsima, yaani ugali wao mweupe laini, naye atakaa kando akisema ameshiba. Mwaka mmoja nilifika kwa dada yangu katika Februari. Chakula kilipoandaliwa niliuliza, “Watoto wako wapi?” Akajibu kwamba wamekwisha kula. Sauti yake niliijua tangu utotoni. Nikaigawa nsima mafungu, nikamwambia awaite. Wakaja wote wanne kabla hajamaliza kuita.

Kwa hiyo nasema, kama safari yako si ya lazima, nenda Juni, Julai au Agosti. Wakati huo chakula kipo, njia ni kavu, na mbu wamepungua. Lakini chukua sweta na blanketi, maana baridi ya Mzuzu na ya nyanda za juu ni kali kama ya Tukuyu. Na ikikulazimu kwenda katika miezi ya njaa, kwa msiba au kwa ugonjwa, nenda kama mtu aletaye, si kama mtu ajaye kula.

Wengi wetu hupenda kuchukua mchele wa Kyela, nao ni zawadi njema kweli. Lakini uliza kwanza mpakani. Mwezi wa Machi 2025 serikali ya Malawi ilikataza unga, mchele na vitu vingine visiingizwe kutoka nje. Aprili Tanzania nayo ikayakataza mazao ya Malawi, kisha ikaliondoa katazo lake. Mambo ya namna hiyo hubadilika upesi, na mfuko wako waweza kubaki Kasumulu. Ni heri kununua chakula Karonga, ng'ambo ya pili, au kumpa mama wa nyumba fedha kwa siri, kwa mikono miwili, wala si mbele ya watu.

Juu ya fedha, usibadili zote siku moja. Kwacha imeshuka sana: mwezi wa Novemba 2023, kwa bei ya serikali, dola moja iliyokuwa karibu kwacha 1,180 ikawa 1,700 kwa mara moja. Mpakani utakutana na vijana wenye mabunda ya noti mikononi, wenye maneno matamu na hesabu za haraka. Mimi hupita kimya, nikaenda benki.

Jambo la saa huwasumbua watu wetu kuliko yote. Saa ya Malawi iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Tena wao hawahesabu kama sisi tangu mapambazuko, bali tangu usiku wa manane, kwa desturi ya Kizungu. Mwalimu mmoja niliyesafiri naye aliambiwa kwamba basi litaondoka saa sita. Akaenda zake kulala, akitumaini adhuhuri. Basi liliondoka asubuhi mapema, wakati ambapo kwetu ni saa moja, naye akakaa Karonga siku nzima. Rekebisha saa yako mara tu uvukapo mto.

Wala usiamini sana ratiba. Tangu mwaka 2022 mafuta ya magari yamekuwa yakikosekana mara kwa mara, na nimeona magari yakipanga foleni penye kituo cha mafuta tangu jioni hata asubuhi. Jiwekee siku mbili za akiba. Meli ya Ilala, iliyoanza kazi yake ziwani mwaka 1951, ni njia nzuri ya kwenda kisiwa cha Likoma, wanakotaka kufika wengi ili waone kanisa kuu la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa mwaka 1903 na watu wa misheni ileile ya UMCA iliyojenga Unguja na Masasi. Lakini meli ni nzee, nayo husimama kwa matengenezo. Uliza kwanza Nkhata Bay, usije ukangoja bandarini bure.

Katika adabu hutapata shida, maana desturi zao na zetu ni ndugu. Mlangoni wao husema “Odi!” kama sisi tunavyopiga hodi. Mwanamume mwite Bambo, mwanamke mwite Mayi. Ukiulizwa “Muli bwanji?” jibu “Ndili bwino, kaya inu?” na ukipewa kitu sema “Zikomo”. Huko kaskazini, kwa Watumbuka, utasikia “Yewo”. Karonga hasa Mnyakyusa hahitaji mkalimani, kwa kuwa lugha ya Wangonde ni jamaa ya lugha yake. Na lile ziwa, ambalo sisi twaliita Nyasa, huko uliite Ziwa Malawi. Habari za mpaka wake, zilizoanzia katika mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1890, waachie wakubwa wa serikali; mezani kwa mwenyeji si mahali pake.

Sasa afya. Malaria iko mwaka mzima. Watu wa misheni ya Livingstonia walipoanza Cape Maclear mwaka 1875 waliuawa na homa mmoja baada ya mmoja, na makaburi yao yako pale. Wakahamia Bandawe mwaka 1881, kisha mwaka 1894 wakapanda Khondowe, mlimani juu ya ziwa. Wao hawakujua kwamba mbu ndiye mletaji. Sisi twajua, basi chukua chandarua chako mwenyewe, wala usimwondolee mtoto wa mwenyeji chake. Maji yachemshe, kipindupindu cha mwaka 2022 na 2023 kiliua watu zaidi ya 1,700 katika nchi ile.

Tena kuna kichocho. Maji ya ziwa ni maangavu, huwavuta watoto, lakini penye matete na maji yaliyotulia hukaa konokono wadogo, na kutoka kwao hutoka vijidudu vinavyopenya ngozi. Mwana wa jirani yangu, wa miaka 11, alioga huko muda wa likizo nzima. Miezi michache baadaye alianza kukojoa damu, akawaficha wazazi kwa haya, hata akadhoofika darasani. Mwalimu wake ndiye aliyegundua. Alipewa praziquantel akapona, nayo si dawa ngumu kupatikana. Basi kila aliyeoga ziwani, hata asipoona dalili, aende kupimwa. Lakini asiende siku ya kurudi, maana wakati huo kipimo hakionyeshi kitu. Angoje majuma sita hata manane.

Hati ya kusafiria chukua, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano kama unayo. Kwacha zilizokubakia zitumie Karonga kabla ya kuvuka: nunua samaki wakavu, wale wadogo ambao wao huwaita usipa nasi twawaita dagaa, ukiisha kuuliza kama wanaruhusiwa kupita siku hiyo.