Barua Ndani ya Gunia

Mhariri wetu alituomba tuandike juu ya kitabu kilichotufaa. Nami nimechagua hadithi ya mapenzi, na nawaomba wazazi wasinikasirikie kabla hawajafika mwisho.

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kilichopigwa chapa mwaka 1971. Hapo kwanza kilikatazwa mashuleni. Baadaye kikaja kufundishwa humo humo. Rosa alikuwa binti mpole. Baba yake, Zakaria, aliona barua aliyoandikiwa na kijana Charles, akampiga vibaya. Tangu hapo Rosa akawaogopa wanaume. Alipofika mbali na nyumbani, hana mshauri, akapotea. Wengi walimtaka, asijue ni nani ampendaye kweli. Mwisho akajitoa uhai.

Nilikisoma likizo ya Desemba, hapa kwetu Chiungutwa, wakati wa korosho. Kila nilipofunua ukurasa moyo ulinidunda, maana nami nilikuwa na barua. Ilitoka kwa kijana mmoja wa Masasi. Aliniuliza neno moja tu, kama nampenda, nami sikujua. Asubuhi nilisema ndiyo, jioni nikasema hapana. Barua nikaificha ndani ya gunia tupu.

Siku moja nilirudi kutoka kuchota maji, nikakuta gunia lile limejaa korosho, na baba ameketi analishona mdomo, tayari kulipeleka ghala la chama. Nikasimama kama gogo.

"Mwanangu, una nini?" akauliza.

Nikamkumbuka Zakaria. Nilitaka kusema sina kitu. Lakini nikafikiri, barua ile ikifika ghalani itasomwa na kila mtu! Basi nikamwambia kweli.

Baba hakunena. Alikata uzi, tukamwaga korosho zote uani, barua ikaonekana. Hakuisoma. Alinipa mkononi, akasema, "Je, wewe wamtaka?"

"Sijui, baba."

"Basi mwandikie hivyo hivyo kwamba hujui. Na mama yako usimfiche."

Tukajaza gunia upya, mikono yangu ikitetemeka mpaka korosho ya mwisho. Usiku nikazungumza na mama hata koroboi ikaisha mafuta. Kumbe naye alipokuwa msichana alikaa mwaka mzima hajui.

Nilimwandikia yule kijana kwamba sijui, na kwamba kwanza nataka kumaliza Kidato cha Nne. Hajajibu hata leo. Yaniuma kidogo, sisemi uongo.

Wenzangu darasani husema Rosa aliponzwa na mapenzi. Mimi naona aliponzwa na kukosa mtu wa kumwuliza. Enyi wazazi, mkiiona barua, ulizeni kwanza. Nasi wanafunzi, tukiulizwa, tuseme kweli.

Msichana wa Kidato cha Tatu