Vyungu Vinne Kutoka Malindi

Dada yangu, Mola amrehemu, aliacha Malindi nyumba, wana watatu, na vyungu vinne vya mimea ya miba. Nyumba ina wenyewe. Vyungu havikutakiwa na mtu, hata mpwa wangu mkubwa akaniambia, "Mjomba, chukua wewe, sote tumeridhia." Nilimngoja aseme neno hilo la mwisho, kwani hata chungu cha ua ni mali ya mirathi.

Nikapanda matatu ya Mombasa, vyungu viwili mapajani na viwili miguuni, vimeviringwa magazeti. Tulipita Gede, tukavuka daraja la Kilifi, na tulipofika Vipingo, penye mashamba ya mkonge, kijana jirani yangu akauliza iwapo mkonge ule na mimea yangu ni jamaa moja. Nikamjibu ndiyo, kwa wepesi wa asiyejua. Kumbe sivyo. Mkonge asili yake ni Mexico, nao ulifikishwa Tanga mwaka 1893. Lakini miba yake imo katika majani, na ukoo wake ni mwingine kabisa.

Karibu na Mtwapa gari likaruka tuta, tawi la mmea mrefu wenye pembe tatu likakatika, na utomvu mweupe kama maziwa ukanimwagikia vidoleni. Nilikuwa nimeshainua mkono nijifute jasho la uso, mama mmoja wa makamo akanidaka kwa nguvu. "Maalim, usiguse jicho! Huo ni mnyaa huo!" Akanimiminia maji ya chupa yake mwenyewe, na tuliposhuka nikanawa kwa sabuni. Utomvu ule ukiingia jichoni huunguza, na waweza kumpofusha mtu. Aliyepatwa hukosha jicho kwa maji mengi na kwenda hospitali papo hapo. Nyumbani nina wajukuu wawili wanaogusa kila kitu.

Mama yule alisema kweli, kwa kuwa mmea ule ni wa jamaa ya mnyaa tunaopandia nyua, ijapokuwa wauzaji wengi huuita kakati. Njia ya kutofautisha ni kutazama miba inapoota. Dungusi kakati wa kweli huotesha miba yake kutoka kidoa kidogo chenye manyoya kama pamba, kidoa baada ya kidoa. Mnyaa na jamaa zake hawana vidoa hivyo, na wakichomwa hutoa maziwa. Kwa kipimo hicho, chungu cha pili, chenye majani na vijiua vyekundu, nacho kilitoka katika hesabu: huo ni mmea wa Madagascar, nao una maziwa vilevile. Vyote viwili nimevipandisha juu ya paa, mlango una komeo.

Vikabaki viwili. Tufe lenye miba ya manjano lilikuwa limekaa katika udongo mgumu kama tofali. Niliuacha ukauke, nikalishika kwa gazeti lililokunjwa mara nne, nikalitoa na kupukusa udongo mizizini taratibu. Mizizi iliyooza niliikata. Udongo mpya ni nusu udongo wa shamba, nusu changarawe na mchanga wa mto. Wa ufuoni usiutumie, una chumvi. Chungu kiwe na tundu chini, na kisizidi mmea kwa zaidi ya vidole viwili. Kisha, na hapa wengi wetu huharibu kwa huruma, usimwagilie maji kwa juma zima, maana mizizi yenye majeraha huoza ikilowa. Wakati wa masika kiweke chini ya upenu.

Cha mwisho ndicho alichokipenda marehemu: tufe jekundu juu ya mguu wa kijani. Hiyo ni mimea miwili iliyounganishwa kwa kisu. Jekundu halina ukijani wa kujitengenezea chakula, hula kwa mguu wa mwenzake, na kwa kawaida muungano huo haudumu miaka mingi. Binti wa marehemu amenipigia simu mara mbili kuuliza hali yake. Nimekibadilishia udongo kama kile kingine, nikakiweka dirishani kwa mke wangu, penye mwanga usiounguza. Tufe bado ni jekundu. Mguu umeanza kulegea kidogo upande wa chini.