Yubari: Mji Usio na Fedha, Wenye Mapenzi

Umewahi kuambiwa, "Sina kitu, nina mapenzi tu"? Wengi wetu tukisikia hivyo tunabeba mkoba na kuaga. Lakini huko Japani uko mji uliojinadi kwa maneno kama hayo mbele ya dunia nzima, tena ukapigiwa makofi. Unaitwa Yubari.

Mji huu umejibanza kwenye bonde jembamba katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa nchi, mashariki ya jiji la Sapporo. Kilichowaleta watu huko kwenye theluji ni makaa ya mawe. Mgodi ulifunguliwa mwaka 1890, na kufikia 1960 wakazi walikuwa karibu 117,000. Kisha Japani ikahamia kwenye mafuta, migodi ikaanza kufungwa. Mwaka 1981 ajali ya gesi mgodini iliua watu 93. Mgodi wa mwisho ulifungwa 1990.

Hapo wakubwa wa mji wakafanya kosa ambalo hata kwenye ndoa tunalijua: mapato yamekwisha, ufahari unaendelea kwa mkopo. Wakaweka fedha kwenye viwanja vya burudani na hoteli wakisubiri watalii. Watalii hawakutosha, na madeni yakawa yanafichwa kwenye vitabu. Mwaka 2007 siri ilikuwa imeshafichuka. Mji ukawekwa chini ya uangalizi wa serikali, ukidaiwa zaidi ya yen bilioni 35. Kodi zikapanda, mishahara ya wafanyakazi wa mji ikakatwa, shule za msingi zikaunganishwa ikabaki moja. Vijana wakafunga mizigo. Leo wakazi hawafiki 7,000, na tawi la reli la kwenda katikati ya mji lilifungwa mwaka 2019.

Sasa sikia utani wao. Kwa Kijapani, neno "fusai" ni mke na mume. Likiandikwa kwa herufi nyingine, ni deni! Basi wakabuni vikatuni viwili, mke na mume, wakaviita Yubari Fusai, na kuutangaza mji kama mahali pa wapendanao, ati talaka huko ni chache. Mwaka 2009 kampeni hiyo ilipata tuzo kubwa ya matangazo huko Cannes, Ufaransa.

Na mapenzi Yubari hayakuanza na matangazo. Sinema ya mwaka 1977 ya Yoji Yamada inamhusu mfungwa aliyemwandikia mkewe: kama bado unanisubiri, tundika leso ya njano. Anaporudi Yubari, anakuta leso kibao zinapepea. Nyumba ile ya wachimbaji imehifadhiwa, na wageni hubandika ukutani vikaratasi vya njano vyenye ujumbe wao.

Kingine kinachoulisha mji ni tikiti lenye nyama ya rangi ya chungwa, linaloitwa Yubari King. Wakulima hulilea kama mtoto kwenye vitalu nyumba. Mnadani Sapporo mwaka 2019, matikiti mawili ya mwanzo wa msimu yaliuzwa yen milioni 5!

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, na Yubari imekuwa ikilipa mwaka hadi mwaka; mpango ulikuwa kumaliza ifikapo Machi 2027. Waliobaki ndio waliobeba mzigo huo. Kupendana wakati wa neema ni rahisi. Je, mwenzako akifilisika kesho, utatundika leso?