Handa, franga na makuta: habari ya feza ya Katanga

Katika masomo ya historia, wengi wetu tulizoea kufikiri kwamba shaba ya Katanga ilianza na Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Lakini miaka mamia mbele ya pale, bankambo walikuwa wanachimba shaba, wanaiyeyusha, na wanaifanya feza. Feza ile ilikuwa musalaba wa shaba wenye mikono mine karibu sawasawa. Kwa Kifaransa unaitwa croisette. Kwa Waluba unaitwa handa. Umbo lake halikutoka kwa Wakristo: ulikuwako zamani sana mbele ya misionere wa kwanza.

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, mavuno ya mutama yakiisha. Watu walikusanya mawe yenye rangi ya majani mabichi, wakachoma makala, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza moto kwa mivukuto ya ngozi. Shaba ikiyeyuka, fundi aliimimina katika kalibu yenye umbo la musalaba. Haikuwa kazi ya kila mutu: mafundi walikuwa na chama chao, dawa zao na miiko yao. Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926, na jina alilowapa ni « walaji wa shaba ».

Kule Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, wataalamu walianza kuchimbua makaburi ya zamani mwaka 1957. Katika makaburi ya mbele, misalaba ni mikubwa na ni michache, imewekwa juu ya kifua cha marehemu. Katika makaburi ya nyuma, ni midogo, ni mingi, inalingana kwa ukubwa, na mara nyingine imefungwa pamoja karibu na mikono. Tunaona basi namna kitu cha heshima kiligeuka pole pole kuwa feza ya kuhesabu. Lakini heshima haikupotea, kwa sababu hata ile midogo ilisindikiza wafu.

Katika jamaa yetu kulikuwa na musalaba mumoja wa namna ile, wa karibu kilo 1. Nkambo alipofariki, vijana wa nyumba walitaka kuupeleka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Walikuwa wamekwisha kuuliza bei ya kilo. Mama mukubwa akakataa: « Hii haiko shaba ya kilo. Ni mali yenye walimuolea mama. Mukiiuzisha, mumeuzisha ndoa. » Kijana mumoja akajibu kwamba ndoa ya wafu haitalipa minerval ya watoto. Maneno yakakuwa makali, kwa sababu wote wawili walisema kweli: watoto wawili walikuwa wamefukuzwa masomoni wiki ile ile. Mwisho wazee wakaamua kila mutu achange kadiri ya nguvu yake. Minerval ikapatikana, na musalaba ukabaki. Hivi, pasipo kutoka ndani ya sanduku, musalaba ule ulilipa masomo.

Umbo hili liliingia pia katika siasa. Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza uhuru wa Katanga. Bendera ya taifa lile ilikuwa na misalaba mitatu, na mwaka 1961 banki yake ikatoa franga 1 na franga 5 zenye picha ya musalaba upande mumoja na ndizi upande wa pili. Franga 5 nyingine zilifanywa za zahabu. Januari 1963, taifa likaisha. Leo wakusanyaji wa Ulaya wanatafuta franga zile kama vile wanavyotafuta sarafu za ukoo wa Farnese, waliotawala Parma kule Italia, ukoo wenye uliisha mwaka 1731. Wenye feza wamekufa, feza yao inageuka kitu cha kutazama.

Lakini angalia neno makuta. Likuta lilizaliwa mwaka 1967 pamoja na zaire. Mwaka 1998 feza ya zaire ikaondolewa, franga ikarudi. Hata hivyo, mu soko ya Lubumbashi utasikia mpaka leo: « Sina makuta. » Serikali iliondoa likuta katika banki, katika kinywa cha watu haikuweza.

Feza ya serikali inaishi kwa amri. Handa iliishi kwa kazi ya mafundi na kwa ndoa za watu. Leo misalaba mingine inauzishwa kwa wageni, mingine inayeyushwa, na mipya inatengenezwa ili ifanane na ya zamani. Kukataza tu hakutoshi, kwa maana njaa haina masikio. Lakini jamaa yenye iko na musalaba inaweza kuandika katika kaye: nani aliutoa, nani aliupokea, kwa ndoa gani, mu kijiji gani. Wazee wenye wanajua majibu wangali hai, lakini si kwa siku nyingi. Pasipo habari ile, musalaba ni kilo 1 ya shaba tu, na bei ya kilo kila mutu anaijua.