Volé za chumba cha watoto

Wamama wenzangu wa Murara,

Zamu yangu ya AVEC ilipofika, pesa ilitosha kitu kimoja tu: volé za nje kwa madirisha mawili, la salo na la chumba cha watoto. Nyumba yetu ni ya mbao, imekaa juu ya mawe ya lava kama za majirani wengi, na madirisha yalikuwa na vioo na pazia basi. Nilidhani kuchagua ni kazi ya nusu saa. Tulibishana siku tisa.

Bwana yangu alitaka chuma, pamoja na antivol ya kuchomelewa kabisa, sababu ya wezi wa usiku. Mimi nilikataa. Mnakumbuka mwezi wa tano 2021: Nyiragongo ililipuka tarehe 22, ardhi ikatetemeka siku nyingi, tarehe 27 tukaambiwa tuhame. Tuliporudi kutoka Sake, mlango wetu haukufunguka. Fremu ilikuwa imeinama na kuubana. Bwana yangu aliuvunja kwa nondo akiwa nje, hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile najiuliza: kama ungebana usiku, sisi tukiwa ndani, watoto wangetokea wapi? Dirishani. Na dirisha lenye vyuma vilivyochomelewa hakuna mtu anayepita.

Yeye akanijibu na vita. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025 tulilala sakafuni na watoto, magodoro tumeyasimamisha ukutani. Alisema volé za chuma zingetukinga. Hapo sikuwa na jibu, maana hata mimi nilikuwa naogopa. Tukaenda pamoja kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akagonga bati kwa kidole, akasema: “Papa, hii ni ya mwizi. Risasi inapita.” Tukarudi nyumbani bila kusemeshana.

Kesho yake fundi wa mbao alikuja kupima. Ndiye aliyetuonyesha kitu ambacho hatukukifikiria: uzito. Volé ya chuma kwenye ukuta wa mbao inavuta fremu polepole, mwisho haifungi vizuri. Tena mvua ya kwetu, moshi wa volkano ukichanganyika nayo, inakula chuma haraka. Tazameni mabati yenu. Mkaratusi ni bei rahisi, lakini ukiwa haujakauka unajipinda. Libuyu inabaki imenyooka, ila inauma mfuko. Tulichukua libuyu kwa watoto, mkaratusi mkavu kwa salo. Antivol ikabaki ya salo peke yake, na bwana yangu akakubali, si kwa furaha.

Volé ya watoto inafunguka kwa nje. Nilimwomba fundi aache nafasi ya kidole kati yake na fremu, ili fremu ikisogea isibanwe. Alinung'unika: “Madamu, baridi itaingia.” Iingie. Komeo ziko mbili, zote kwa ndani, moja chini kabisa ambapo mtoto anaifikia. Kufuli hapana, kwa sababu ufunguo unapotea usiku ule ule unaouhitaji.

Jambo moja nililijua ila nililichukulia juu juu: volé zikifungwa, chumba hakipumui. Juu ya dirisha tumeacha tundu, tumelifunika kipande cha mustikere. Na babula haiingii tena ndani, hata kama imebaki na makaa mekundu tu na usiku ni wa baridi. Hewa mbaya ya makala haina harufu, inamkuta mtu amelala.

Jumamosi nilizima taa nikamwambia binti yangu wa miaka saba afungue. Mara ya kwanza alilia, akisema komeo ni ngumu. Nikaipaka mafuta ya mawese kidogo. Mara ya tatu alifungua, akaruka nje kwenye mawe, akaanza kuniita nami nitoke.

La jikoni bado lina kipande cha shitingi. Zamu yangu itarudi mwezi wa tisa.