Wakwe Waliokuja Siku Siyo

Jina la tamthilia ya George S. Kaufman na Moss Hart, You Can't Take It with You, halihitaji mfasiri mwenye shahada. Waswahili walishalisema zamani: sanda haina mfuko. Tamthilia hiyo ilifunguliwa Broadway, New York, Desemba 1936, ikapata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1937, na filamu ya Frank Capra iliyotokana nayo ikanyakua Oscar ya filamu bora ya 1938. Lakini tuzo hazielezi kwa nini leo, karibu miaka 90 baadaye, bado inachezwa na shule za sekondari na vikundi vya mitaa huku Marekani, na makarani na walimu wastaafu wanaofanya mazoezi jioni bila kulipwa senti. Ziko tamthilia zilizopata tuzo hiyohiyo na sasa hazina wa kuzicheza. Hoja yangu ni kwamba kichekesho cha familia hakidumu kwa ukali wa utani wake peke yake. Hudumu pale kinapoachwa katika hali ambayo mtu yeyote anaweza kukichukua na kukicheza. Kwa utani sisi hatudaiwi na mtu. Tunachodaiwa ni hicho cha pili.

Tuitazame nyumba yenyewe. Mama anaandika tamthilia zisizokwisha kwa sababu tu miaka minane iliyopita taipureta ililetwa kwao kimakosa. Baba anatengeneza fataki kwenye chumba cha chini, akisaidiwa na mtu aliyekuja siku moja kuleta barafu akasahau kuondoka. Binti mkubwa, Essie, amejifunza baleti miaka yote hiyo, na mwalimu wake Mrusi anajua fika kwamba hawezi. Babu, Martin Vanderhof, aliacha kazi zamani kwa sababu haikumpa raha, na kodi ya mapato hajawahi kulipa. Binti mdogo, Alice, ndiye mwenye ajira ya kueleweka, na amechumbiwa na mtoto wa tajiri wa Wall Street. Siku ya wakwe kuja kula imepangwa, nyumba itengenezwe, kila mtu akae kama watu. Wakwe wanatokea usiku mmoja kabla. Jikoni hakuna kitu; inabidi mtu atumwe dukani mbiombio akalete soseji na supu ya kopo, na mkwe mwenyewe tumbo lake lina matata. Aliyewahi kungojea washenga huku vyombo vya kuazima havijafika hahitaji kufafanuliwa aibu hiyo.

Uhodari wa Kaufman na Hart uko pale ambapo wengi hawautazami. Sisi tuna neno zuri, ridhaa, tunalosema tunapotofautisha ngumi za kulipwa na ngumi za ridhaa. Nyumba hii yote ni ya watu wa ridhaa: kila mmoja anafanya anachokipenda, na anakifanya vibaya. Ndiyo maana mchezaji wa ridhaa hawezi kuiharibu kirahisi. Mama wa watoto watatu asiyejua baleti akipewa nafasi ya Essie, kadiri anavyojikwaa ndivyo anavyoitendea haki. Wahusika wanakaribia 20, na wengine wana kazi ndogo kabisa: yupo mwigizaji mlevi ambaye muda wake mwingi amelala kochini, na yupo mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Urusi anayetokea sehemu ya tatu tu, akaingia jikoni kupika. Mandhari ni moja, sebule. Kisha kuna kitabu. Mwaka uleule wa 1936 iliundwa Dramatists Play Service, shirika la kusambaza matini za tamthilia kwa vikundi visivyo vya kulipwa na kuwakusanyia waandishi mrabaha wao. Kikundi kinalipa ada ya maonyesho, kinapata vitabu vyenye maneno ya kila mhusika, orodha ya vifaa na maelezo ya nani anaingilia mlango upi. Mwandishi anakula, mtaa unacheka.

Nyumbani, je? Vichekesho vya familia vimetujaa. Mzee Ojwang na Mama Kayai walizozana kwenye Vitimbi, kipindi cha televisheni ya KBC, hadi wakawa kama jamaa wa kila mtu Kenya. Tanzania ya miaka ya 1990 ilikuwa na vikundi kama Muungano na TOT, vilivyopiga taarab, vikacheza ngoma, na katikati vikaweka kichekesho, kwenye kumbi za baa zilizojaa watu. Mchekeshaji King Majuto alikuwa anaweza kuingia tu, hajafungua mdomo, watu wameshashika mbavu. Lakini Benson Wanjau, aliyekuwa Mzee Ojwang, alifariki 2015, na Majuto akafuata 2018, na mchekeshaji wa mtaa wa leo anayetaka kucheza ugomvi wao na wake zao hana ukurasa wa kushika. Mchezo ulikuwa ndani ya mtu, na mtu amezikwa nao.

Nitaambiwa kwamba huo ndio uzuri wetu, kwamba kichekesho cha Kiswahili ni cha papo kwa papo, msanii anasoma nyuso za watazamaji na kugeuza maneno palepale, na kukiandika ni kukifunga kamba. Ni kweli kwamba kipaji hicho ni kikubwa. Ila maandishi si lazima yatangulie. Yanaweza kufuata, baada ya mzaha kuchujwa na watazamaji usiku hamsini. Wengine watasema video zipo, intaneti imetunza kila kitu. Video imemtunza mchekeshaji, lakini sisi imetuacha watazamaji tu. Hakuna anayepewa nafasi ndani ya video ya Majuto.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba tamthilia zilizoandikwa tunazo, na jukwaa la ridhaa pia. Kenya ina tamasha la maigizo ya shule tangu 1959. Lakini huko kila mwaka hutungwa michezo mipya kwa ajili ya mashindano, na mingi haichezwi tena. Vitabu teule husomwa kwa ajili ya mtihani, na jukwaa la kijijini mara nyingi huishi kwa bajeti ya mradi, mzaha ukitumika kama sukari ya kumezea ujumbe wa malaria au Ukimwi. Wakati huohuo Aliyeonja Pepo ya Farouk Topan, kichekesho kilichochapwa 1973 kuhusu mtu aliyefikishwa peponi kwa makosa, kinajulikana zaidi darasani kuliko kwenye ukumbi wa kata. Kwa hiyo kuandika ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikishia kitabu mtu asiye na mtihani wala mfadhili.

Je, mzaha wa zamani hauchachi? Unachacha. Ndani ya tamthilia ya 1936 watu weusi ni mtumishi wa jikoni na mchumba wake, na wamechorwa kwa macho ya wakati ule. Hata hivyo iliporudi Broadway mwaka 2014, babu aliyekaa kichwa cha meza alikuwa James Earl Jones, mwigizaji mweusi mwenye umri wa miaka 83. Matini inaruhusu kizazi kipya kubishana nayo kwa namna hiyo, kwa kubadili nani anakaa wapi.

Katika mchezo huo afisa wa kodi anamwacha Babu kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha Martin Vanderhof alishazikwa; aliyezikwa kwa jina hilo alikuwa muuza maziwa aliyekuwa akiishi nao. Makaratasi yanasema amekufa, naye yuko mezani anakula. Mzee Ojwang yeye angali anachekwa katika kila nyumba inayomkumbuka, na makaratasi ya kumkalisha tena mezani hatujayaandika.